Kaka Bura, Kopo Limeshuka

Kaka Bura,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na wala sinuni. Miaka yako ya mwisho uliitikia kila kitu isipokuwa salamu yenyewe, kwa hiyo mimi na wewe tumeshazoeana.

Ni Safari anayekuandikia. Safari wa mashine, yule mwenye tumbo, uliyekuwa ukimwonyesha kwa mikono miwili mbele ya kitovu kwamba apunguze ugali. Halijapungua. Shemeji yako anasema siku hizi linaingia ndani kwanza, mimi nafuata baadaye.

Najua pia kwamba hukujua kusoma. Ukiwa hai jambo hilo lilitutesa, maana mtu asiyesikia na asiyesoma kumpa habari ni kazi ya kutoa jasho. Lakini katekista wetu anasema huko mliko kila kilema kimeondolewa, nami nimeamua kumwamini kwa hili. Kama masikio wamekurudishia, watakuwa wamekutupia na kusoma kidogo juu yake. Basi soma polepole. Nina habari ambayo ulipaswa kuambiwa ukiwa hai, nayo si nzuri. Nina na nyingine, ambayo ni nzuri kiasi.

Tuanze na za juu juu. Sisi si watu wa Arusha tena. Mkoa umekatwa, tunaitwa Manyara, na wakubwa wako Babati. Mtu mwenye shida anapanda gari kwenda Babati na anarudi na shida ileile, ila sasa anawahi kurudi. Simu za mkononi nazo zimefika Dongobesh. Watu wanapanda kilimani nyuma ya kanisa kutafuta mtandao, wakiupata wanapaza sauti kama wanaita ng'ombe. Mimi ninayo moja. Naiweka sikio la kulia. La kushoto lilikufuata wewe.

Na yule nyenje wako amehamia kwangu. Unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwamba kuna nyenje kichwani mwako, analia mchana kutwa na mashine ikizimwa ndiyo anazidi? Mama mkwe wako akakumiminia mafuta ya kondoo ya moto ili atoke. Hakutoka. Ukazunguka wiki nzima unanuka mchuzi, mbwa wa kijiji wakikufuata kwa heshima. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa ninaye wa kwangu, Kaka. Usiku akianza kulia namwita Bura, namwambia lala.

Lakini nianzie mbali, ili uone jambo lenyewe lilivyojifunga.

Mashine ya kusaga ya kijiji ilipokufa kwa kukosa mkanda, wanawake walirudi kwenye kinu na mchi. Halafu zikaja zile siku za ruksa, kila mwenye uwezo afanye biashara yake. Bosi wetu akauza ng'ombe, akaleta injini ya dizeli, akakuajiri wewe kwa sababu uliwahi kushika spana, na akaniajiri mimi kwa sababu nilikuwa mnene, akadhani unene ni nguvu. Ulinifundisha kutofautisha dona na sembe nikiwa mtu mzima mwenye mke. Hukunicheka. Yaani ulinicheka, lakini ulisubiri wateja waondoke.

Muda si mrefu barabara ile moja ikawa na mashine tatu. Na hapo ndipo akili yako ilipotuponza.

Wewe ndiye uliyegundua kwamba mwanamke wa ng'ambo ya bonde hapandishi punda wake mlima mzima kwa kubahatisha. Leo mashine haina dizeli, kesho mkanda umekatika. Anasimama mlangoni kwake kwanza, anasikiliza. Mashine anayoisikia ndiyo anayoiendea. Basi ukachukua kopo la bati la mafuta ya kupikia, ukalikata, ukalifunga kwa waya kwenye mdomo wa bomba la moshi, kifuniko kikiwa kinacheza. Injini ikiwaka, kila pumzi inakipiga kile kifuniko. Siku ya kwanza kuku wa jirani waliacha kutaga. Bosi alikukumbatia. Na kweli, asubuhi iliyofuata punda walipanga foleni mpaka kwenye duka la chumvi.

"Kama ng'ambo hawaisikii, haijawaka." Hayo yalikuwa maneno yako, ukiyasema kifua mbele. Wenye mashine nyingine nao wakafunga makopo, makubwa kuliko letu. Ukatengeneza kubwa zaidi. Dongobesh nzima ikawa inaishi ndani ya debe, na wewe na mimi tulikuwa ndani kabisa, hatua chache kutoka kwenye lile bomba, kuanzia asubuhi mpaka punda wa mwisho.

Kuna yule mfugaji wa kutoka upande wa Gendabi, aliyepita kununua unga akielekea mnadani. Aliziba masikio kwa viganja, akakataa kuingia, akasubiri kule mbali kando ya barabara mpaka tukampelekea gunia lake. Tulimcheka sana yule bwana. Tukamwita mshamba.

Wewe ulianza kupoteza sauti ndogo. Kwanza vifaranga. Ukaniuliza mbona vifaranga wa siku hizi hawalii, kama vile wamebadilishwa mbegu. Halafu sauti za watoto, halafu za wanawake. Ukawa unamsikia Bosi anayenguruma na humsikii mke wako, na wanaume wa kilabuni wakasema Bura ana bahati. Mimi ndiye niliyeanzisha mzaha huo, nao ulinipatia pombe ya bure mara kadhaa.

Kwenye mashine hatukuhitaji masikio, au tulidhani hivyo. Tulikuwa na mikono. Kiganja kimoja juu ya kingine, dona. Vidole vinasugua, sembe. Ngumi kifuani, dizeli imekwisha. Mkono shingoni, zima. Tulikuwa na ishara ya mke wa Bosi akija, ambayo siielezi hapa maana katekista husoma barua za watu. Ukitutazama kwa mbali ungedhani ni watu wanaocheza ngoma bila ngoma.

Shida ilikuwa nje ya mlango. Huko nje mtu anaamkiwa, na wewe hukujua nani amekuamkia na nani amekuuliza njia. Ukapata dawa yako mwenyewe. Ukawa unaitikia "marahaba" kwa kila mdomo uliofunguka mbele yako. Mke anauliza kama chumvi ipo, marahaba. Katekista anauliza mbona hukuja ibadani, marahaba. Watoto waligundua upesi kuliko wote, si unajua watoto. Wanakuja wamepanga mstari, wameinamisha vichwa kwa adabu ili uwaguse, na badala ya shikamoo wanasema, "Wewe mbuzi." Unawagusa vichwa mmoja mmoja. "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Wanakwenda nyuma ya kibanda wanagaagaa kwa kicheko. Na wakubwa tuliokaa pale hatukuwakemea, maana tulikuwa tunabana midomo.

Sasa, Kaka, hapa ndipo penye ile habari.

Siku moja Mzee Lohay alisimama mlangoni kwa mashine. Unamjua, mzee wa mji wa pale chini, ambaye hata marehemu baba yako alimwamkia. Alikuwa anasema tu kwamba mvua imechelewa. Wewe, ukiwa umejaa unga mpaka kwenye kope, ukamtazama usoni, ukamwambia, "Marahaba."

Ukapokea heshima kutoka kwa mzee aliyekuzidi kiasi kile, tena heshima ambayo hakukupa. Nilimwona akiikita ile fimbo chini. Wewe uligeuka ukaendelea kumimina mahindi.

Wakakuita kikao uwanjani kwake. Unakumbuka kwamba ulikwenda. Ulidhani nini, sijui. Labda ulidhani kuna mtu anaoa. Mzee mmoja akakuuliza, "Bura, unakubali kwamba umemvunjia mzee heshima?" Ukatabasamu. Ukasema, "Marahaba."

Watu walicheka, halafu wakaona haifai kucheka. Wakakutoza kondoo na debe la pombe, uvilete kwa mkono wako na utamke kosa lako kwa mdomo wako. Mpaka hapo, mtu yeyote asikae nawe kilabuni, asichange nawe chungu, asikupe moto. Ukarudi kazini. Ukanionyesha kwa vidole kwamba kikao kilikuwa kizuri, ila hakukuwa na chakula.

Tulijaribu kukueleza. Naapa tulijaribu, mimi na shemeji, mke wako. Lakini mikono yetu ilijua mkanda na dizeli na dona. Haikujua mzee, wala kosa, wala samahani. Nilijipiga kifua, nikaonyesha fimbo, nikatembea nimeinama kama kikongwe. Ukadhani naigiza tumbo linauma, ukaniletea majani ya kuchemsha. Shemeji akakushika mkono mpaka zizini, akakuonyesha kondoo, akaelekeza chini kwa Mzee. Ukadhani tunataka kuuza kondoo wako. Ukatufukuza kwa fimbo. Nilikimbia mbele ya shemeji, kwa hilo mwili wangu haukunitania.

Basi ukaanza kwenda kilabuni na benchi linabaki wazi. Ukikaa, wanasogea. Ukisogea, wanahama.

Nawe ukafikiri unanuka.

Nililijua hilo shemeji aliponiambia kuhusu sabuni. Kila jioni ulikuwa unajisugua kwa sabuni ya kufulia na jiwe, shingo na mikono na nyuma ya masikio, ukisema dizeli imekuingia mwilini, ndiyo maana watu wanakukimbia. Ngozi ikapasuka. Ulikuwa unakuja asubuhi na mikono yenye michubuko, unaiingiza kwenye unga, unakunja uso. Unaninyooshea kiganja ninuse. Nanusa, natikisa kichwa kwamba hapana, hakuna harufu. Hukuniamini. Mimi nilikuwa nakaa nawe, lakini mimi nilikuwa wa dizeli vilevile, kwa hiyo pua yangu hukuihesabu.

Hukuwa unanuka, Kaka. Ndiyo habari yenyewe. Ilikuwa ni kondoo tu.

Nimesimama kidogo kuandika, nikaenda kunywa maji. Tuendelee.

Ulipokufa, ulikufa kwa jambo ulilonifundisha mimi. "Sikiliza mkanda. Ukianza kupiga makofi, zima hapohapo, usimalizie hata debe." Siku hiyo bila shaka mkanda ulipiga makofi asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nje nampakia upya punda aliyeangusha magunia, na nje kulikuwa na kopo lako juu ya kila sauti nyingine. Wewe ulikuwa ndani karibu na gurudumu, husikii kopo wala mkanda. Kiungo cha mkanda kikaachia, mkanda ukakupiga. Niliona mlango umetoa wingu la unga, nikadhani gunia limepasuka.

Sitaandika ulivyokuwa. Nitaandika kwamba mama mmoja wa foleni alianza kuukusanya unga wake kwenye sakafu, anaupeta, anatenganisha uliopata damu na ambao haukupata. Nilimtazama. Akaniambia, "Wa kwangu ulikuwa sembe." Nikamshikia ungo. Ni kweli nilimshikia, maana mikono yangu ilikuwa inataka kazi.

Na maziko. Wazee walisimama mbali na kaburi, wamegeuza migongo, hawatupi udongo. Aliyekufa na deni la kosa, walisema, anaweza kutozwa bila kutamka. Shemeji akatoka pale alipokuwa amekaa, akaenda zizini, akamkamata yule kondoo mwenyewe, akamburuta mbele ya watu. Ndipo wakageuka. Bosi alikuwa ameshafunga mkanda mpya, maana kesho yake ilikuwa siku ya soko, na mashine ilikuwa inasaga. Katekista alisoma, midomo ikafunguka na kufumba. Hatukusikia neno. Tulisikia kopo lako. Nikajikuta nacheka pale kaburini, Kaka, kwa sababu kwa mara ya kwanza sote tulikuwa kama wewe, na watu wote walipoona midomo ya katekista imesimama, wakasema "Amina" kwa kubahatisha.

Bosi akasema anasikitika sana. Na ili tuone kwamba anasikitika, akampa kazi yako binti yako.

Paskalina, ndiyo. Ulimwacha akiwa shuleni. Sasa ni mwanamke mrefu mwenye mikono yako na ulimi wa mama yake. Ananiita Baba Mdogo, halafu ananituma kama mtoto. Alisimama pale mdomoni mwa mashine, palepale, chini ya bomba lilelile, na kazi akaiweza kuliko mimi, jambo ambalo si gumu.

Alikuja afisa mmoja, kijana mwenye viatu safi, mambo ya usalama wa wafanyakazi. Akasimama mlangoni, akakunja uso, akaandika. Alimpigia Bosi kelele sikioni kwamba kelele hii inaua masikio, kwamba bomba liondolewe karibu na watu, kwamba kila anayefanya kazi humu apewe vya kuzibia. Akamwachia vile vya kuvaa kichwani, vikubwa, vya rangi ya machungwa. Bosi akashukuru sana. Kwa sasa anavivaa mama yake Bosi asubuhi kwa ajili ya baridi. Anasema vinafaa kuliko kofia. Ukipita pale kwenye ukungu unamwona ameketi barazani kama rubani aliyesahauliwa.

Nikamfuata Bosi, nikamwambia tushushe kopo. Akaniuliza, "Nikishusha, nimsagie nani? Panya?" Nikamfuata Paskalina mwenyewe, nikamwambia aache. Akanitazama. "Baba alikufa masikio mabovu, Baba Mdogo. Hakufa njaa." Nilitengeneza nta ya nyuki na pamba, nikampa azibe. Akaziba siku moja, wateja wakamcheka kwamba ana masikio ya mizinga, akavitoa.

Halafu nikaanza kuona. Namwita, hageuki. Lakini sikuwa na uhakika, maana masikio yangu mwenyewe yameoza kiasi kwamba sijui kama yeye hakusikia au mimi sikutoa sauti. Nilimuuliza shemeji kwa siri. Shemeji akafunika uso kwa kanga. Akasema, "Jana nilimuuliza kama ameona vifaranga. Akaniuliza, vifaranga gani, mbona hawalii."

Kaka, nilikaa nyuma ya kibanda siku hiyo na sikumtania mtu yeyote.

Na haikupita muda, Mzee Lohay akaja mlangoni. Bado yupo, ndiyo, wazee wa aina ile hawafi ovyo. Akasimama kungoja shikamoo. Paskalina alikuwa amempa mgongo anamimina mahindi. Akagonga fimbo. Paskalina hakugeuka. Mzee akaondoka, na jioni neno likaja kwamba binti wa Bura ameitwa kikaoni. Mlangoni kwa mashine watu walishaanza kusema, "Ni damu ya baba yake." Shemeji aliposikia, akatoka nje, akaanza kumtafuta kondoo zizini, na zizini hakukuwa na kondoo.

Nilikwenda kikaoni na mtoto. Nilivaa koti la harusi yangu, halikufunga. Wazee wakaanza na maneno yaleyale, heshima, heshima, vijana wa leo. Kopo likawa linalia huko juu mlimani, na mzee aliyekuwa anasema alilazimika kurudia. Hapo nikapata akili, Kaka. Ilikuja mara moja, na kwa mtu wa aina yangu si jambo la kila mwaka.

Nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Sina ubishi. Ila naomba kabla ya kumtoza mtoto, twendeni mlangoni kwa mashine. Mzee Lohay asimame pale anaposimama yeye. Apokee shikamoo za watu kidogo, mtoto aone inavyofanywa."

Wakaona ni ombi zuri la mtu mjinga. Tukapanda. Bosi alikuwa kazini, injini imeshiba, kopo linapiga. Nikampandisha Mzee Lohay kwenye lile jiwe la kusimamia mdomoni mwa mashine, akasimama na fimbo yake, ametazama mahindi yanavyoshuka. Nikawageukia akina mama wa foleni, nikawaonyesha kwa mkono wapite.

Wakapita nyuma yake mmoja mmoja, wameinama. "Shikamoo, Mzee." Naona midomo yao. "Shikamoo, Mzee." Foleni nzima. Mzee ametazama mahindi. Mama wa mwisho, yule wa ungo, ndiye huyohuyo, alirudi akapita tena, na mara hii hakusema shikamoo. Alichosema sitakiandika. Mzee alihisi kuna mtu, akageuka nusu, akamtikisia kichwa kwa adabu.

Wazee wengine walikuwa mlangoni wanaona.

Nikaweka mkono shingoni, ishara yetu. Paskalina akazima. Ukimya ukaanguka mpaka nikasikia nyenje wangu. Nikasema, "Mzee wangu, wanawake hawa wote wamekuamkia. Hukumwitikia hata mmoja."

Akasema, "Nani? Sikusikia mtu."

Akatazama wenzake, wenzake wakatazama viatu. Akalirudia, polepole, na mara hii nadhani alisikia anachosema. "Sikusikia mtu."

Nilitaka kumwambia kwamba Bura naye hakusikia mtu. Nilikuwa nimelibeba neno hilo mlima mzima. Lakini nilimwona Paskalina amesimama na mkono kwenye mashine, nikalimeza. Mzee akiaibishwa mara mbili kwa siku moja anatafuta wa kumlipizia, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Basi Mzee Lohay akashuka jiweni, akamnyooshea fimbo Bosi. Akasema chombo hiki kinawanyima wazee salamu zao. Kinawatia watu katika matusi bila kujua. Kikao kikaketi palepale, kwenye pumba. Makopo yashuke, yote, mashine zote tatu, na asiyeshusha hakuna mji wa mzee utakaopeleka punda kwake. Na Bosi alete kondoo, badala ya mtoto.

Umeona, Kaka? Hakuna hata mmoja aliyetaja masikio. Masikio ya mtoto wako hayakuwa na uzito. Ni shikamoo zao. Siku nzima ya afisa na karatasi zake haikufanya kitu, na shikamoo za foleni moja zimeshusha makopo ya Dongobesh nzima. Nilipouliza habari ya kondoo wako, kama labda atarudishwa, kwa kuwa sasa inajulikana hukusikia, mzee mmoja akanipiga bega kwa upole, akaniambia kondoo yule alikuwa mtamu. Na wa Bosi tulipomla nilipewa ubavu. Niliula wote. Nina njaa ya kudumu, unanijua.

Bomba sasa limepita chini ya ardhi, linaishia kwenye pipa lililojaa mawe mbali na kibanda. Injini inakohoa kama mzee aliyefunikwa blanketi. Mashine ikiwaka tunapandisha kitambaa cheupe kwenye mlingoti, na siku za ukungu, ambazo unajua ni nyingi, Bosi anakaa anavuta masharubu na kunilaani. Paskalina anaziba masikio kwa nta kila asubuhi. Wateja wakimcheka ananiita mimi, nikifika wanapata wa kumcheka zaidi. Kule hospitali muuguzi alimpima akasema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Vifaranga wamekwenda. Watoto wake atakaowazaa, sauti zao za kwanza, sijui. Sikuthubutu kuuliza.

Tulikuja kaburini kwako mimi na yeye. Nilileta lile kopo, limetoboka, lina masizi. Nilitaka kulizika miguuni kwako, ni kitu chako, hakuna aliyewahi kubuni kitu Dongobesh isipokuwa wewe. Paskalina alilichukua mkononi mwangu. Akalikanyaga mpaka likawa bapa kama chapati, bila haraka, akalitupa kwenye miiba. Sikumzuia. Halafu akainamisha kichwa juu ya udongo, kama watoto walivyokuwa wakikuinamishia. Kama alisema neno sikulisikia, naye hakunirudia.

Ishara ya samahani tunayo sasa, tumeitunga pale kazini. Ni kiganja wazi kilichojaa unga, unakinyoosha, mwenzako anakipuliza. Ya mzee tunayo pia. Umetuacha mapema.

Naahidi, Kaka Bura, hakuna atakayesimama kwenye jiwe lile masikio wazi nikiwa hai, hata nikilazimika kumkalia kifuani na kumzibia mwenyewe. Uzito huo ninao. Na siku nikija huko, nikikuta benchi lako liko wazi, nitakaa nawe karibu, bega kwa bega. Tumbo utalivumilia. Usininyooshee kiganja ninuse.

Kwaheri, Kaka. Hapa usiitikie.

Mdogo wako wa mashine,
Safari